BOMBA LA DAWA LILILOGOMA: NAMNA NILIVYOLITENGENEZA NYUMBANI

Wengi wetu katika shule hii ni watoto wa wakulima, na hata wale ambao wazazi wao ni wafanyabiashara au watumishi wa serikali, nyumbani kwao haikosi bustani. Kwa hiyo nadhani hakuna msomaji asiyelijua bomba la mgongoni la kupulizia dawa. Lakini kulijua kwa sura ni jambo moja, na kujua lifanyavyo kazi ni jambo jingine. Mimi mwenyewe nililibeba bomba hilo kwa miaka mitatu bila kujua ndani yake mna nini. Likizo ya Aprili ndiyo iliyonifunza, tena ilinifunza kwa fimbo, nami nimeona vema niwaeleze wenzangu ili wasipite njia ile ile.

Kwetu ni Mwanjelwa, katika jiji la Mbeya. Mama huuza viazi mviringo sokoni, na tangu miaka michache iliyopita hukodi nusu eka ya shamba huko Isyonje. Ukitoka Mwanjelwa unakwenda mpaka Uyole, unaiacha barabara kuu iendayo Iringa, unashika ile ya Tukuyu, kisha unapanda milima ya Uporoto. Huko udongo ni mweusi wenye rutuba, baridi ni kali, na mvua haina haraka ya kuondoka. Viazi hupenda mahali pa namna hiyo. Bahati mbaya adui wa viazi naye hupapenda.

Adui huyo ni ugonjwa uitwao bakajani chelewa, ambao wakulima wengi huuita ukungu. Huanza kwa madoa yenye majimaji pembeni mwa jani, madoa hugeuka kuwa ya kahawia na meusi, na asubuhi yenye umande ukiligeuza jani utaona utando mweupe chini yake. Hali ya hewa ikiwa ya baridi na unyevu, shamba zima laweza kuteketea kwa siku chache, likawa kama limepigwa na moto. Ndio ugonjwa ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Kwa sababu watu maskini wa nchi ile walitegemea viazi kuliko chakula kingine chochote, watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine kama hao wakaihama nchi yao. Siku zile hapakuwa na dawa. Dawa ya kwanza iliyofaa ilijulikana Ufaransa, ambako mwaka 1885 mtaalamu mmoja aitwaye Millardet alitangaza kuwa mchanganyiko wa mrututu na chokaa huzuia magonjwa ya namna hiyo katika mizabibu. Mchanganyiko huo ulifaa kwa viazi pia. Leo wakulima wengi wa kwetu hutumia dawa ya unga iitwayo mankozebu.

Yafaa msomaji ajue jambo moja juu ya dawa hiyo, maana ndilo lililotutia hofu. Mankozebu hukinga, haiponyi. Hukaa juu ya jani kama koti la mvua, ikazuia vijimelea visiingie. Jani likishaingiliwa, dawa hiyo haiwezi kuvifuata ndani. Kwa hiyo mkulima anayechelewa siku mbili au tatu wakati wa mvua aweza kukosa mavuno yote. Mwaka uliotangulia mama alichelewa, akavuna gunia tatu tu. Mwaka huu mbegu alizinunua kwa mkopo wa kikundi chao cha akina mama, na katika mkopo huo ndimo ilimokuwa nauli yangu ya kurudi shuleni.

Basi siku ya Jumamosi mchana mama alirudi kutoka Isyonje kabla ya saa yake. Alilitua bomba ukumbini, akakaa kwenye kigoda bila kuvua buti. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ndogo, kisha akasema, “Mwanangu, bomba limegoma. Nimepulizia matuta machache tu, mpini ukawa mgumu kama jiwe, wala dawa haitoki. Na kule bondeni nimeona madoa.”

Nilijua maana ya maneno hayo. Majirani wote wenye mabomba walikuwa wakipulizia mashamba yao, na bomba la kukodi lilikuwa na foleni. Fedha ya kununua jipya haikuwapo. Mvua ilikuwa imepumzika siku ile, na mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa Rungwe.

Jirani mmoja aliyekuwa akipita alilitazama bomba, akasema, “Hizo washa zimekwisha, fungua pampu.” Sikumwuliza amejuaje. Nilichukua spana na koleo, nikaanza kufungua mpira pale unapoungana na tangi. Nilipozungusha mara ya tatu, mpira uliruka, na dawa ikanirukia kifuani na kidevuni kwa nguvu. Lau ningalikuwa nimeinama zaidi kidogo, ingaliingia machoni. Mama alinivuta mpaka penye ndoo akanimwagia maji mengi, akanivua shati, akaniosha kwa sabuni, asiseme neno mpaka alipomaliza. Ndipo akasema, “Huko shuleni mnasoma nini?”

Swali hilo lilinichoma kuliko dawa. Maana kwa kweli kitu kilichonirukia nilikuwa nimekisoma, nami nilikipatia alama nzuri katika mtihani.

Hebu tulitazame bomba lenyewe. Tangi la mgongoni ni chombo cha kuwekea dawa tu, nalo halina mgandamizo wowote ndani yake. Kazi hufanyika katika pampu. Ukivuta mpini, pistoni huvuta dawa kutoka katika tangi, nayo hupita katika mlango wa kwanza. Ukisukuma mpini, mlango huo hujifunga na dawa husukumwa kupita mlango wa pili, ikaingia katika chemba ndogo. Milango hiyo ni gololi mbili, kila moja imekaa juu ya tundu lake. Dawa ikija kutoka chini huiinua gololi na kupita. Ikitaka kurudi, huikandamiza gololi juu ya tundu na kujifungia njia yenyewe.

Katika chemba ile ndogo mna hewa. Dawa ikiingia, hewa haina pa kwenda, hivyo hufinywa juu. Hapa ndipo tunapokutana na kanuni ya Robert Boyle, aliyoichapisha mwaka 1662, kwamba hewa yenye joto lile lile ukiifinya hadi nusu ya nafasi yake, mgandamizo wake huwa mara mbili, na ukiifinya hadi robo huwa mara nne. Maji hayafinyiki hivyo. Kwa hiyo hewa ile ndiyo springi ya bomba. Ndiyo inayoendelea kusukuma dawa itoke wakati mkono wako unapanda na kushuka, na ndiyo sababu dawa hutoka kama moshi mfululizo, isitoke kwa kurukaruka. Kutoka katika chemba dawa hupita katika mpira, ikafika kwenye kishikio chenye kichujio na kifyatulio, ikapita katika fimbo, na mwisho ikatoka kwenye tundu dogo la nozeli.

Sasa msomaji na ajiulize: mpini ukiwa mgumu kama jiwe na dawa haitoki, ugonjwa uko wapi? Kama pampu ingalikuwa mbovu, mpini ungalikuwa mwepesi, maana dawa ingalivuja na kurudi katika tangi. Ugumu wa mpini ulikuwa ushahidi kwamba pampu ni nzima kabisa, imekwisha kuijaza chemba na kuifinya hewa mpaka mwisho. Kizuizi kilikuwa mbele yake. Na kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa imeziba, mgandamizo wote ulibaki umefungiwa ndani tangu Isyonje mpaka Mwanjelwa, ukimngoja mtu wa kuufungulia. Mtu huyo nikawa mimi.

Kosa langu la pili lilifuata la kwanza. Ingawa nilikuwa nimekwisha kupata ushahidi huo, bado nilikuwa na maneno ya jirani kichwani, nikaifungua pampu. Gololi moja ilidondoka, ikabiringika uani, ikapotea. Niliitafuta karibu nusu saa. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyeipata chini ya banda la kuku, akaja nayo kiganjani akiuliza kama anaweza kupewa ikiwa haina kazi. Nilimwambia kuwa kipande hicho kidogo ndicho kimeshika viazi vyote vya mama, kisha nikampeleka kunawa mikono, kwa kuwa ilikuwa na dawa.

Hapo nikakaa chini nikatafakari kama inavyopasa. Nilianza mwisho wa njia, yaani penye nozeli, nikirudi nyuma hatua kwa hatua. Nilifungua kofia ya nozeli. Tundu lake lilikuwa limejaa ukoko wa dawa uliokauka. Niliuloweka katika maji ya uvuguvugu, nikausafisha kwa mswaki wa zamani na ujiti laini wa nyasi. Kisha nikafungua kishikio, nikakitoa kichujio. Nacho kilikuwa kimefunikwa kwa tope zito la njano. Hii ndiyo iliyokuwa asili ya ugonjwa. Mankozebu ya unga haiyeyuki kama chumvi. Chembe zake huelea tu katika maji, na zikimwagwa zikiwa na madonge, huzama na kushikamana. Siku ile mama alikuwa na haraka, akamimina unga moja kwa moja katika tangi.

Niliirudisha kila kitu mahali pake, nikatia maji safi, nikapampu. Sasa mpini ukawa mwepesi mno, hauna nguvu yoyote! Bomba lililokuja na ugonjwa mmoja lilikuwa limepata wa pili mikononi mwangu. Jua lilikuwa linashuka. Nilifunga pampu katika gazeti nikakimbilia kwa mzee mmoja ambaye hutengeneza baiskeli karibu na soko.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?”

Nilimweleza. Aliichukua pampu, akaitazama mara moja, akatabasamu. Mwisho wa pistoni mna kofia ya ngozi, mfano wa kikombe kidogo. Mimi nilikuwa nimeirudisha kinyumenyume. Mzee akaniambia, “Mdomo wa kikombe sharti utazame kule unakosukuma. Dawa ikisukumwa huingia kikombeni, ikautanua ukingo wake, ukabana ukuta. Ukiigeuza, dawa huukunja ukingo na kupita pembeni. Ni kama pampu ya baiskeli tu, huijui?” Aliigeuza, akaipaka mafuta, akautanua ukingo kwa kidole gumba. Nilipouliza malipo yake alisema, “Nenda ukamsaidie mama yako. Siku nyingine, kabla hujafungua kitu, kitazame kwanza kilivyokaa.”

Usiku ule bomba lilipulizia maji safi kama siku ya kwanza. Mama alilijaribu mwenyewe, akasema tu, “Ndaga fijo,” yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaenda kulala mapema. Alfajiri ya Jumapili tulipanda gari la kwanza la Tukuyu. Safari hii tulikoroga unga kwanza katika ndoo ndogo kwa maji kidogo mpaka ukawa kama uji mwepesi, tukauchuja kwa kitambaa, ndipo tukaujaza katika tangi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Tulimaliza saa nne na nusu. Mvua ilinyesha saa tisa, dawa ikiwa imekwisha kukauka juu ya majani.

Sitasema kwamba tuliokoa kila kitu. Kona ya bondeni, ambako mama aliona madoa, iliangamia, na mashina yake tuliyang’oa tukayazika mbali. Lakini sehemu iliyobaki ilisimama. Nilipokuwa nimekwisha kurudi shuleni nilipata habari kuwa mama amevuna gunia kumi na moja, mkopo umelipwa, na mbegu ya msimu ujao imewekwa.

Sasa nitaeleza kwa ufupi dalili na dawa zake, ili mtu atakayepatwa aweze kusoma hapa.

Kwanza, mpini mgumu na dawa haitoki. Njia ya mbele imeziba. Safisha nozeli, kisha kichujio, kisha kifyatulio, ukianzia mwisho kurudi nyuma.

Pili, mpini mwepesi usio na nguvu. Tazama kwanza kama tangi lina dawa. Kisha tazama kofia ya ngozi kama imekauka, imepasuka au imegeuzwa. Mwisho tazama gololi, maana hata punje moja ya mchanga chini yake huzuia isijifunge.

Tatu, mpini haushuki wala haupandi ingawa hakuna mgandamizo ndani. Dawa imekauka na kuigandisha pistoni. Usiulazimishe, utauvunja. Tia maji ya uvuguvugu, acha yaloweke, kisha usogeze polepole.

Nne, dawa hutoka kwa kurukaruka. Hewa imekwisha katika chemba, springi haipo. Toa maji yote katika chemba ili hewa iingie upya.

Tano, pampu ni nzima lakini dawa hupungua, na pengine tangi linajikunja mbavu. Tundu dogo la hewa kwenye kifuniko limeziba. Hewa isipoingia kuchukua nafasi ya dawa inayotoka, dawa haiwezi kutoka. Lisafishe.

Pamoja na hayo, kuna mambo manne ambayo naomba yakumbukwe kuliko yote.

La kwanza, ondoa mgandamizo kabla hujafungua chochote. Elekeza fimbo chini, bonyeza kifyatulio mpaka kisitoe kitu. Ikiwa nozeli imeziba na hakitoki kitu, usidhani kwamba ndani hamna kitu, bali ujue kwamba hatari ingali imefungwa. Vaa glavu na miwani, zungushia kofia ya nozeli kitambaa, geuza uso pembeni, ilegeze polepole mpaka usikie hewa imekwisha.

La pili, usizibue nozeli kwa kuipuliza kwa mdomo. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo shambani. Hiyo ni kujilisha sumu.

La tatu, usitumie waya wala msumari. Tundu la nozeli likitanuka kutoka milimita 1 hadi milimita 1.2, macho hayaoni tofauti. Lakini eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo, na 1.2 mara 1.2 ni 1.44. Maana yake dawa inayotoka yaweza kuzidi kwa karibu nusu, nawe utakuwa unamwaga fedha na sumu bila kujua.

La nne, osha bomba kila siku baada ya kazi, huko huko shambani, mara tatu kwa maji safi, na maji hayo yamwage shambani. Usiyamwage mtoni, wala usilete uani penye watoto na kuku. Mimi nilikosea kulifungulia bomba uani, na ile gololi mkononi mwa mdogo wangu hunijia mpaka leo nikiwa bwenini usiku.

Wenzangu, sisi wa Kidato cha Nne mara nyingi huona kuwa kanuni za sayansi ni vitu vya kukariri, vya kuandikwa Novemba na kusahauliwa Desemba. Nami nilikuwa hivyo. Kanuni ya Boyle ilikuwa mgongoni mwa mama yangu miaka yote, ikipanda naye Uporoto na kushuka naye, wala sikumtambulisha. Sasa nikirudi nyumbani mama hulifungua bomba mwenyewe, na kabla hajashika spana huelekeza fimbo chini, akabonyeza kifyatulio, akasikiliza. Mdogo wangu husimama mbali kama alivyoagizwa, akiuliza kwa sauti, “Hewa imekwisha?” Naye mama hajibu mpaka awe na hakika.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne